Sura ya 7: Kichwa Kiko Nyuma

Wasomaji wa Kiingereza waliokulia kwenye Kiswahili wana swali wasilochoka kuliuliza: inakuwaje mtu ayajue maneno yote ya sentensi, moja baada ya jingine, halafu sentensi yenyewe imponyoke? Hakuna neno gumu ndani yake. Kamusi imeshamaliza kazi yake na haina la kuongeza. Lakini ukimwuliza msomaji sentensi imesema nini, anatoa maana mbili, au anatoa moja kwa kusitasita. Darasani jibu huwa ni kwamba hajasoma vya kutosha, aongeze msamiati. Sura hii inashikilia jambo jingine. Mara nyingi tatizo haliko kwenye maneno bali kwenye mipaka kati yao, na kuna mpaka mmoja unaowakwamisha wengi: pale nomino iliyojengwa kwa maneno mawili au zaidi inapokuja baada ya kiunganishi.

Chukua agizo dogo ambalo mtu anaweza kulikuta kwenye karatasi ya manunuzi: "Buy rice and maize flour." Aliyetumwa arudi na nini? Anaweza kurudi na mchele na unga wa mahindi. Anaweza pia kurudi na unga wa aina mbili, wa mchele na wa mahindi. Sentensi inaruhusu yote mawili, na hakuna aliyekosea sarufi. Mpishi aliyetaka unga wa mchele ili apike vitumbua, akaletewa mchele wenyewe, hana pa kumshitaki mtu.

Vifaa vitatu vya kazi

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane maneno. Kiunganishi ni neno linalofunga vitu viwili katika sentensi. Kwa Kiswahili tuna "na", "au", "lakini", "kwa sababu"; kwa Kiingereza "and", "or", "but", "because". Kishazi ni kipande cha maneno chenye kitenzi chake, kama "basi limesimama"; sentensi moja inaweza kubeba vishazi viwili au vitatu. Nomino ambatani ni jina la kitu lililoundwa kwa kuunganisha maneno. Kiswahili kinazo, kama mwanasheria, batamzinga na kiinuamgongo, lakini zetu nyingi zimeshagandana zikawa neno moja la kwenye kamusi. Kiingereza kinazitengeneza papo hapo, kila siku, kwa kuweka nomino mbele ya nomino: "maize flour", "bus stop", "school bus driver". Nyingine huandikwa pamoja, kama "notebook", nyingine kwa kistari, kama "mother-in-law", na nyingi huachwa na nafasi katikati, kiasi kwamba jicho haliwezi kujua kama linaona vitu viwili au kimoja.

Lipo neno la nne, nalo ndilo litakalobeba hoja yote: kichwa. Kichwa cha nomino ambatani ni neno linalotaja kitu chenyewe. Yaliyobaki yanakieleza tu. Katika "unga wa mahindi" kichwa ni unga. Kiswahili hukitanguliza kichwa, kisha "-a" unganifu hufuata (ile "wa", "ya", "la", "cha" inayobadilika kulingana na ngeli), ndipo maelezo. Kiingereza hufanya kinyume. "Maize flour" inaanza na mahindi na kuishia na unga. "School bus driver" inaanza na shule, inapita kwenye basi, na mwisho kabisa ndipo tunaambiwa kwamba habari yote ilikuwa ya dereva. Ni treni iliyofungwa kichwa nyuma: mabehewa yanapita kwanza, na kile kinachoyasukuma kinaonekana mwishoni.

Kwa kifupi: Kiswahili hukutajia kitu, kisha kikakieleza. Kiingereza hukueleza kitu ambacho bado hakijatajwa.

Nani anapokonywa

Sasa tuweke kiunganishi katikati tuone kinachotokea. Kwa Kiswahili, "mchele na unga wa mahindi" haina utata wowote. Mchele umetajwa, umekamilika, kisha unga. Lakini geuza mpangilio, useme "unga wa mahindi na mchele", na utata unaingia: ni unga wa mahindi, kisha mchele pembeni, au ni unga uliochanganywa mahindi na mchele? Kichwa "unga" kimetangulia, na kinaweza kunyoosha mkono kuvuka "na" kikaishika nomino iliyo mbele yake. Kwa Kiingereza mambo yako upande wa pili. "Maize flour and rice" ndiyo iliyo wazi. Yenye utata ni "rice and maize flour", kwa sababu kichwa kiko mwishoni na mkono wake unanyooshwa kurudi nyuma.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Anayekulia kwenye Kiswahili amejifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba nomino iliyotajwa kabla ya kiunganishi imekwisha kutajwa. Alichosoma nyuma ni chake. Kiingereza hakimpi dhamana hiyo. Nomino ambatani inayokuja baada ya "and" au "or" inaweza kurudi nyuma ikaipokonya nomino ya kwanza uhuru wake, ikaifanya kuwa maelezo tu ya kichwa ambacho msomaji alikuwa hajakiona. Katika maana ya pili ya "rice and maize flour" hakuna mchele hata punje. Kuna unga mtupu. Msomaji aliyekwisha kuuweka mchele kwenye hesabu yake inabidi aufute.

Si kila maelezo yanayoshirikiwa na nomino mbili yana madhara haya. "Milango na madirisha ya gari" nayo ina maana mbili: gari linahusu madirisha tu, au yote mawili. Vivyo hivyo "car doors and windows" kwa Kiingereza. Lakini utakavyosoma, milango inabaki milango na madirisha yanabaki madirisha. Linalobadilika ni mali ya nani. Kichwa kinaposhirikiwa, kinachobadilika ni kuwepo kwa kitu chenyewe, na ndiyo maana nasema mahali hapa panastahili sura nzima wakati pale pengine aya moja inatosha.

Kiswahili kina dawa ya bei rahisi kwa utata wake. Ongeza "wa" moja: "unga wa mahindi na wa mchele". Basi, mjadala umefungwa. Kiingereza hakina kijineno kama hicho ndani ya nomino ambatani. Inavutia kuona kwamba Kijerumani, ndugu yake wa karibu, ambacho nacho huweka kichwa mwishoni, kimejitengenezea kinga katika maandishi. Mjerumani akitaka mchele na unga wa mahindi huandika "Reis und Maismehl". Akitaka unga wa aina zote mbili huandika "Reis- und Maismehl", na kile kistari kinachoning'inia baada ya neno la kwanza kinasema: subiri, kichwa changu kinakuja. Kiingereza kina kistari cha namna hiyo mahali pachache, hasa kwenye maneno ambayo tayari yangeandikwa kwa kistari, kama "two- and three-bedroom houses", nyumba za vyumba viwili na za vyumba vitatu. Kwenye "maize flour", ambayo haina kistari, hakuna pa kukining'iniza.

Alama zinazoonyesha mpaka

Hata hivyo Kiingereza hakimwachi msomaji gizani kabisa. Kuna dalili, ila ni ndogo, na ziko kwenye vitu ambavyo Kiswahili hakina au huvionyesha kwa njia nyingine, kwa hiyo jicho letu huzipita bila kusimama. Ya kwanza ni umoja na wingi. Nomino inayoeleza kichwa kwa kawaida hubaki katika umoja, hata kama vitu ni vingi: duka la viatu ni "shoe shop", ingawa hakuna anayefungua duka la kiatu kimoja. Kwa hiyo ukikuta "eggs and chicken soup", ile "s" ya "eggs" inakuambia mayai yako peke yake: ni mayai, na supu ya kuku. Ukikuta "egg and chicken soup", yai limeingia kwenye supu. Zipo nomino zinazovunja kanuni, kama "sports teacher" na "savings bank", lakini ni chache. Na sasa inaeleweka kwa nini mfano wa mchele ulikuwa mgumu: "rice" haihesabiki, haina wingi, kwa hiyo haiwezi kutoa dalili hiyo.

Dalili ya pili ni "the" na "a", ambazo wanafunzi wengi huziona kama pambo. Linganisha sentensi tatu zinazokaribia kufanana. "The bus and train station is closed": kituo ni kimoja, kinahudumia mabasi na treni, na kimefungwa. "The bus and train stations are closed": vituo ni zaidi ya kimoja, cha mabasi na cha treni, vyote vimefungwa. "The bus and the train station are closed": hapa "the" ya pili imekata, na basi limebaki basi. Sentensi inakuwa ya ajabu, maana basi halifungwi kama kituo, na ajabu hiyo ndiyo ushahidi kwamba mpaka umehama. Tazama pia kitenzi. "Is" katika sentensi ya kwanza inathibitisha, baada ya tukio, kwamba kichwa kilikuwa kimoja. Msomaji anayefika kwenye kitenzi na kukuta umoja pale alipotarajia wingi asidhani mwandishi amekosea. Kwanza arudi ahesabu vichwa.

Kwa anayeandika Kiingereza, njia za kuepuka mtego ni hizi:

- Tanguliza nomino ndefu: "maize flour and rice".
- Rudia kichwa: "rice flour and maize flour". Kurudia si aibu.
- Weka kijineno cha kukata: "rice and some maize flour".

Unapotaka mchele wenyewe, ya kwanza ndiyo bora, kwa sababu haigharimu neno hata moja. Inashangaza jinsi inavyotumika kwa nadra.

Kiunganishi kinapofungua kishazi

Mpaka sasa tumeshughulika na "and", inayounganisha nomino na nomino. Viunganishi vingine vya Kiingereza hufungua kishazi kizima, kama "because", "although" na "after", na hapo nomino ambatani huleta matata ya namna nyingine. Soma maneno haya: "After the bus stops". Yamesema nini? Ukiendelea "the driver opens the door", basi "stops" ni kitenzi: basi linaposimama, dereva hufungua mlango. Ukiendelea "the road turns left", "bus stops" ni nomino ambatani: ukivipita vituo vya basi, barabara inapinda kushoto. Mkato baada ya "stops" hausaidii, maana unawekwa katika hali zote mbili. Msemaji husaidia kwa sauti, kwa kuwa nomino ambatani hukaziwa neno la kwanza, "BUS stops", lakini karatasi haina sauti.

Hali hii ina sababu mbili zilizokutana. Kwanza, Kiingereza huruhusu neno lilelile liwe nomino au kitenzi bila kubadilisha sura. Kiswahili hakiwezi kuchanganya hivyo; "linaposimama" imevaa viambishi vyake vyote na haiwezi kudhaniwa kuwa "vituo". Pili, "after", "before", "since" na "until" zina kazi mbili: zinaweza kufuatwa na nomino tupu au na kishazi kamili. Kwa hiyo msomaji anapoingia hajui amefunguliwa mlango wa chumba kipi. Waandishi wa vichwa vya habari, wanaobana nafasi na kuondoa vijineno, huzidisha tatizo hata bila kiunganishi. Mwaka 1980 jarida la Marekani la Columbia Journalism Review lilitoa kitabu cha vichwa vya habari vilivyoharibika, na jina la kitabu lenyewe lilikuwa kimoja cha vichwa hivyo: "Squad Helps Dog Bite Victim". Kikosi kilimsaidia mtu aliyeumwa na mbwa, au kilimsaidia mbwa amuume? "Dog bite victim" ni nomino ambatani moja, mpaka "bite" itakapoamua kuwa kitenzi.

"Because" na "although" hazina kazi mbili, na hapo kosa huwa la mwandishi zaidi kuliko la msomaji. Zote zinadai kishazi chenye kitenzi. Mwanafunzi huandika "because the bus accident" na kuishia hapo, kwa sababu maneno matatu hayo yana uzito wa tukio zima na yanaonekana yametosha. Hayatoshi. Nomino ambatani hata ikirefuka vipi haigeuki kishazi. "The night bus accident investigation report" ina maneno matano baada ya "the" na bado ni nomino moja, taarifa. Ama liongezwe "of", "because of the bus accident", ama kiletwe kitenzi. Hili lisimtishe Mswahili, kwani lugha yake inafanya tofauti hiyohiyo: "kwa sababu ya ajali ya basi" na "kwa sababu basi lilipata ajali". Hakuna anayesema "kwa sababu ajali ya basi" akanyamaza.

Kwa kifupi: baada ya kiunganishi, usiamue maana kabla hujapata kichwa cha nomino na kitenzi cha kishazi.

"Muktadha utaamua"

Pingamizi kubwa dhidi ya yote haya linajulikana. Watasema: haya ni mambo ya vitabuni, katika maisha muktadha unaamua. Mtu anayejua mpishi anapika nini anajua alete nini. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na bila ukweli huo Waingereza wasingeelewana. Lakini muktadha humsaidia zaidi anayeijua habari tayari. Anayesoma ili ajue, na ndivyo alivyo kila mwanafunzi, kila mtu mwenye mkataba wa bima mkononi, kila anayefuata maelekezo ya dawa, hana huo muktadha; anautafuta kwenye sentensi ileile inayomkwamisha. Wengine watasema kosa ni la waandishi wabovu. Sidhani. Mwandishi anajua alichokusudia, kwa hiyo maana ya pili haimjii hata akisoma mara kumi, na hodari huangukia hapo sawa na mbovu.

Ushahidi mzuri uko kwenye jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya huko inawataka waajiri walipe saa za ziada kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, isipokuwa kwa kazi fulani za vyakula. Orodha ya kazi hizo ilitaja kuweka kwenye makopo, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafuta soko, kutunza ghalani, kisha ikamalizia hivi: "packing for shipment or distribution of", ikifuatwa na aina tatu za bidhaa. Je, "distribution", yaani usambazaji, ni kazi ya mwisho kwenye orodha, au ni sehemu ya "packing", kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wanasambaza na hawakuwa wanafungasha. Kama usambazaji ni kazi inayojitegemea, hawakustahili saa za ziada. Kama ni mkia wa kufungasha, walistahili. Mwaka 2014 walifungua kesi.

Hoja za pande zote mbili zilikuwa za sarufi, na zote zilikuwa nzuri. Kampuni ilisema orodha ya Kiingereza huweka "or" kabla ya kipengele cha mwisho. Kama cha mwisho ni "packing", mbona hakuna "or" mbele yake? Madereva walijibu kwamba kazi zote kwenye orodha zinaishia na "-ing", wakati "shipment" na "distribution" ni nomino za sura moja, kwa hiyo hizo mbili ni pacha na zote ziko chini ya "packing for". Mkato mmoja kabla ya "or" ungemaliza ubishi, lakini mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine ulikuwa unawaelekeza wasiweke mkato hapo. Mahakama ya kwanza ilikubaliana na kampuni. Machi 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho ilitamka kwamba maneno hayo yana utata wa kweli, na kwa kuwa sheria za kazi za jimbo hilo hutafsiriwa kwa kumlinda mfanyakazi, utata ukawaangukia madereva kwa heri. Mwaka 2018 pande hizo zilimaliza shauri kwa malipo ya dola milioni 5.

Mtu makini ataniambia kwamba "packing for shipment or distribution" si nomino ambatani ya aina ya "maize flour". Kichwa chake kiko mbele, kama cha Kiswahili. Sawa. Swali lililowapeleka mahakamani ni lilelile: kiunganishi kimefunga nini na nini. Na majaji hawakukosa muktadha; walikuwa na historia ya sheria, mawakili wa pande zote na muda wa kutosha, bado maneno hayakukubali kusema jambo moja.

Baadaye mwaka 2017 watunga sheria wa Maine waliandika upya kifungu hicho. Waliondoa mikato na kuweka nukta mkato kati ya kazi na kazi, na "distribution" ikageuzwa kuwa "distributing", ikapata "-ing" kama wenzake, ili kusiwe na shaka kwamba inasimama peke yake. Maana yake, madereva wa baada ya hapo wametajwa waziwazi miongoni mwa wasiolipwa saa za ziada kwa sheria hiyo. Mistari michache chini yake, katika orodha ya bidhaa, kuna "meat and fish products". Ni nyama na mazao ya samaki, au mazao ya nyama na ya samaki? Kwenye kesi ile hakuna aliyehitaji kuliuliza hilo, na waliporekebisha kifungu waliiacha kama ilivyokuwa.